Mtani wa Marehemu na Kimbunga Fenesi

Mashine ilimpigia Bi Somoe mara ya kwanza kwa sauti ya Mkuu wa Wilaya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante baba, na wewe ufunge madirisha," akakata.

Mara ya pili ikampigia kwa sauti ya imamu wa msikiti wao. Hapo alijitanda ushungi kwanza, maana mtu haongei na imamu kichwa wazi hata kama imamu mwenyewe yuko ndani ya simu. Akaitikia salamu, akaitikia dua, akasema inshallah, kisha akaizika simu kwenye debe la unga isimsumbue.

Mara ya tatu ikaita humo humo ndani ya unga hadi akaifukua. Safari hii ilikuwa sauti ya dada yake wa Utete. Hapo mashine ilijitakia. Wale wawili hawajasemezana tangu dada mtu aazime doti ya kanga akairudisha ina tobo la pasi, na mashine, maskini, haikuwa na habari yoyote ya tobo. Ilisomewa ukoo mzima. Mimi nilikuwa mbele ya skrini, kule Kituo cha Vimbunga Kilwa Masoko, nacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha taa ya mashine ikageuka bluu.

Bluu nilikuwa nimeiona kwenye mafunzo tu. Nikasogeza kiti. Kwenye skrini paliandikwa: *Sauti inayopendekezwa: Shamte Mkwinda, marehemu. Uwezekano wa kutiiwa: mkubwa sana. Inasubiri idhini ya mtani.*

Mtani mwenyewe ni mimi. Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Kassian," akaniita Dada Redempta, mkuu wa zamu, kutoka meza ya ramani. "Mbona umenyamaza? Ukinyamaza wewe, ujue kuna mtu amekufa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Yule yule."

Akaja akasoma nyuma ya bega langu. Alikwenda kujimiminia chai, akarudi bila chai.

Mashine yenyewe tunaiita Jamaa. Ilitengenezwa baada ya Kimbunga Stafeli, ule mwaka ambao watu walipata ujumbe kwenye simu, wakasikia ving'ora, wakaona mpaka helikopta, na bado wakakaa majumbani wakingoja waone jirani atafanya nini, naye jirani anawangoja wao. Wataalamu wakagundua kitu ambacho mke yeyote angewaambia bure: mtu hatii habari, anamtii mtu. Basi Jamaa husikiliza simu zako, kwa ruhusa yako, hadi imjue yule mmoja ambaye akikuambia simama, unasimama. Siku ya kimbunga unapigiwa kwa sauti yake.

Tatizo likaja kwa wale ambao mtu wao huyo ameshakufa. Bungeni walizozana. Ndugu wa marehemu watoe idhini? Ndugu wana majonzi. Wengine watakataa katakata, wengine watataka waisikie kila siku. Ndipo mbunge mmoja wa huku kusini akauliza, msibani kwetu ni nani mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kuongea kama yeye, na wafiwa wakacheka badala ya kumpiga? Ni mtani. Sheria ikapita hivyo. Mtani ndiye anayeridhia, sauti inatumika mara moja, kisha inafutwa.

Mimi Mngoni wa Songea. Shamte, mwana wa Bi Somoe, alikuwa Mmatumbi. Babu zangu waliwateka babu zake, au wao ndio walituteka, inategemea siku hiyo nani analipa chai. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wangu. Alikuwa fundi wa maboya, yale yanayoelea mbali baharini yakitupimia upepo na joto la maji. Mwaka jana Boya la Mwisho, lililo mbali kuliko yote, lilizima. Akaenda kulitengeneza. Mkondo ulirudisha boti. Yeye haukumrudisha.

Kituoni tulisoma khitma. Kisha nikaenda kwao, kijiji cha Ruyaya, nimejipaka masizi usoni kama inavyompasa mtani, tayari kwa kazi yangu. Bi Somoe alisimama mlangoni akaniangalia toka juu hadi chini.

"Mtani huja msibani," alisema. "Hapa pana msiba gani?"

Akanipa maji nikanawa uso, nikaondoka. Tangu siku ile hajalala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Mlango haufungwi kwa komeo. Na sasa Kimbunga Fenesi kinakuja, lori la mwisho la kuwahamisha watu wa Ruyaya linaondoka alasiri, na yeye peke yake ndiye amebaki anafagia uwanja.

*

"Kinakuja au hakiji?" nikamuuliza Dada Redempta. "Nipe jibu la mtu mzima."

"Nusu kwa nusu."

"Hilo ni jibu la mtu anayeuza bahati nasibu."

Akanivutia ramani. Fenesi lilikuwa limejaa skrini, jeupe, linazunguka polepole kufuata mshale wa saa, kama vimbunga vyote vya upande wetu wa dunia. Mwaka ule walivipa majina ya matunda, na hili la fenesi walilipatia hasa, maana sijawahi kuona kimbunga kinene vile.

Mambo haya aliyenifundisha ni Shamte, siku ya Idd, kwenye pembea ya kuzunguka, ile ya farasi wa mbao. Alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, akanirushia chungwa. Lilitoka mkononi mwake limenyooka, lakini kufika nilipokuwa, pembea ilishanihamisha. Likampata mama mmoja wa watu mgongoni. Tulipomaliza kutimuliwa, akanieleza akihema: dunia ndiyo pembea, upepo ndio chungwa. Upepo unataka kwenda moja kwa moja, dunia inageuka chini yake, basi unaonekana unapinda. Kwetu unapindia kushoto. Upepo unaokimbilia kitovu cha dhoruba ukipinda hivyo, haufiki kitovuni, unaanza kukizunguka. Hapo umepata kimbunga. Kadiri unavyokaribia Ikweta, huko kupindwa kunapungua, mpaka Ikweta penyewe hakuna kabisa. Ndiyo maana wazee wa Kilwa walizeeka bila kujua kimbunga ni nini. Bahari ilipochemka ndipo vikaanza kutupandia.

"Angalia hapa," alisema Dada Redempta. "Kimbunga kinene, ubavu wake wa kusini unapindwa na dunia zaidi kuliko ubavu wa kaskazini. Si sawa. Kwa hiyo chenyewe kinajivuta kuelekea kusini magharibi. Kikiwa chembamba, kinajivuta kidogo tu, kinatupiga sisi. Kikiwa kinene kweli, kitapinda kabla ya pwani, kitupite."

"Si kinene hicho? Kipofu anakiona."

"Hayo ni mawingu. Mimi nataka kujua upepo wenyewe umefika wapi pembeni, chini huku, juu ya maji. Na pembeni pale tuna boya moja tu."

Hakuhitaji kulitaja. Kwenye ramani, pale pembeni, palikuwa na kitobo cha kijivu. Boya la Mwisho halijawaka tangu siku ile. Hakuna fundi aliyekubali kulifuata, wala mkubwa aliyethubutu kumlazimisha mtu.

Basi nikawa nimekaa kati ya matobo mawili, na yote mawili yana sura ya Shamte. Moja linasema hatujui kama mama yake atakufa. La pili, lile la taa ya bluu, linangoja niseme ndiyo.

"Kumtania mtu ni kitu kimoja," nikamwambia. "Huku ni kumdanganya."

"Jamaa haisemi uongo. Imekatazwa kusema niko hai, na imekatazwa kusema nimekufa. Itasema tu, mama, ondoka."

"Dada, mtoto aliyepotea akipiga simu, unadhani mama atasikia 'ondoka'?"

Akatazama saa ya ukutani. Nami nikaitazama. Nikasema ndiyo.

*

"Mama."

Upande wa pili kilianguka kitu, sufuria nadhani, kikazunguka sakafuni hadi kikachoka.

"Mama, ni mimi."

"Nakujua," alisema Bi Somoe. "Nani mwingine ananiita kama mtu anayeomba kuongezwa mchuzi."

Ilikuwa sauti yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu cha kufanana. Hii haikufanana, hii ilikuwa yenyewe, hadi ile pumzi fupi ya puani kabla ya kusema. Nilishika ukingo wa meza.

"Mama, kimbunga kinakuja. Lori liko msikitini. Panda, uende ukumbini Nangurukuru."

"Uko wapi?"

"Nataka uwe salama, mama."

"Umekula?"

"Nataka uwe salama. Lori linaondoka alasiri."

"Umekuwa na adabu siku hizi." Alikuwa anacheka, na kicheko kimelowa. "Wamekufunza huko ulikokuwa. Ahsante Mungu, wamfunze na yule mtumwa wetu Mngoni."

"Panda lori, mama."

"Nipande lori, uje ukute nyumba haina mtu? Ugeuze urudi ulikotoka? Haiwezekani. Mwaka mzima nimekungoja, nitashindwa leo umeshapiga simu? Mimi nipo hapa hapa. Wewe njoo polepole, bahari imechafuka. Nakupikia mkate wa kumimina."

Akakata simu yeye. Taa ya bluu ikazima, na kwenye skrini ikaandikwa kwamba sauti imetumika na imefutwa. Jamaa ikaandika na matokeo: *Mpigiwa ameonyesha furaha. Mpigiwa hajahama.*

Dada Redempta alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Kamera iliyofungwa kwenye taa ya msikiti inaona hadi uwanja wa Bi Somoe. Tulimwona akitoka. Upepo ulikuwa umeshaanza, minazi inainama, majirani wanapakia mabegi na kuku kwenye lori. Mmoja akamvuta mkono. Bi Somoe akamweleza jambo, akiuonyesha mlango, akiionyesha bahari, uso unang'aa kama wa bibi harusi. Kisha akaendelea kufagia. Upepo unarudisha majani, naye anayafagia tena.

"Tumempigilia msumari," nikasema.

"Hatukujua."

"Mimi nilijua. Nilikuambia na nikasema ndiyo hapo hapo."

Lori likaondoka bila yeye.

"Askari wakambebe?" nikauliza.

"Sheria inakataza kumhamisha mtu kwa nguvu. Na hata wangembeba, angerudi kwa miguu." Akakaa. "Kassian, hebu fikiri. Kikipinda, jioni itapita, kesho ataendelea kungoja kama alivyozoea. Hakuna aliyeumia."

"Kisipopinda?"

"Atakufa anampikia mwanawe mkate. Wapo wanaokufa vibaya zaidi."

"Na ukiwa wewe? Ingekuwa mama yako?"

"Mama yangu Mhaya, angeshapanda lori zamani na angedai kiti cha mbele." Hakucheka, nami sikucheka. Kisha akasema taratibu, "Ukimwambia ukweli akaondoka, halafu kisije..." Alichukua funguo za gari la kituo, akaziweka mezani karibu na mkono wangu, akageukia ramani kana kwamba ni ramani ndiyo iliyomwita.

*

Njiani mvua ilikuwa inapiga kioo kwa ubavu. Nilifanya mazoezi ya kusema. Bi Somoe, mwanao amefariki. Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali, nikajaribu kama daktari. Yote yalikuwa maneno ambayo ameshaambiwa na polisi, na mkuu wa kituo, na imamu, na yote aliyapokea vizuri sana akayaweka kwenye debe la unga.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kinu usipigwe na upepo. Ndani kulinukia iliki. Kwenye msumari wa ukuta lilining'inia shati la Shamte, lile la mistari ya kijani, limepigwa pasi.

"Karibu, mtumwa wangu," alisema Bi Somoe akiwa jikoni, bila kugeuka. "Umeshapata habari? Umekuja kumpokea mwenzio?"

"Nimekuja kufanya kazi, mama."

"Kazi gani?"

Nikaingia jikoni. Nikainamia sufuria iliyokuwa imepinduliwa sakafuni, nikapitisha kiganja kwenye kitako chake, nikajipaka masizi. Paji la uso, mashavu, pua. Akageuka akaniona. Mwiko ukabaki hewani.

"Unafanya nini?"

Sikumjibu, maana kama ningemjibu ningekuwa Kassian, na Kassian hakuwa na ujasiri huo. Nilikwenda ukutani nikalitoa shati, nikalivaa juu ya langu lililolowa. Nikatoka nje kwenye mvua. Halafu nikaja.

Shamte alikuwa akitembea nyayo zikitazama pembeni, kitambi mbele ingawa kitambi chenyewe hakuwa nacho. Alikuja nyumbani kwao kila siku kama mtu anayekuja kukagua. Hakubisha hodi kama watu. Nikasimama kizingitini kama yeye, nikajikuna sikio, nikasema neno lile ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu hata siku moja, kwa hiyo Jamaa haikulijua na isingelijua kamwe, maana ni neno la mlangoni.

"Hapa hoteli imefungwa?"

Nilipita mbele ya Bi Somoe, nikafunua sufuria ya kwanza, nikanusa. Nikafunua ya pili. "Yaani mama, mtu anatoka kazini, yaani, anakuta maji ya moto tu? Yaani hata Wangoni, wanaokula nyasi, hawafanyiani hivi."

Bi Somoe akacheka.

Kilimtoka kama kwikwi, hakukitaka. Akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Macho yake yakanitazama juu ya ule mkono, na nikaona kabisa ndani yake jambo likishuka, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa. Mtani amejipaka masizi. Mtani amevaa shati. Mimi nimecheka.

"Usinifanyie hivi," alisema.

"Nimechelewa, mama. Kazi hii ilikuwa ya mwaka jana."

"Na ile simu?"

"Ilikuwa mashine."

"Nani aliyeiruhusu?"

"Mimi."

Nilidhani atanipiga na ule mwiko, na ningeshukuru. Bati moja lilikuwa linagongagonga juu yetu. Akauweka mwiko chini. Akavuta kibao cha mbuzi, akakaa, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni.

"Endelea," alisema ndani ya kanga. "Ukianza kazi, maliza."

Basi nikaendelea. Nikalala kama alivyolala mchana, mdomo wazi, mguu mmoja ukutani. Nikasali kama alivyosali akiwa na njaa. Nikamwigiza akimtongoza yule muuguzi wa Kivinje, akajikwaa kwenye ndoo. Nikafanya ile ya kuzozana na muuza samaki juu ya pweza mwenye miguu pungufu. Kila mara kanga ilitikisika, na sikujua tena kama ni kicheko au ni kile kingine, na nadhani hata yeye hakujua. Nami masizi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni. Nje Ruyaya nzima ilikuwa tupu, upepo unapiga kelele, na ndani mjinga mmoja anaigiza mtu kwa mtazamaji mmoja.

Nilipoishiwa, alifunua uso. Alikuwa amezeeka. Sisemi kwa mapambo, nilimwona.

"Alikuwa hajikuni sikio la kushoto," alisema. "Ni la kulia."

"Nitarekebisha."

Akazima moto kwa maji. Akaufunika mkate. Akatoka, akaondoa kinu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nikamwona akiufunga mlango ule kwa komeo, akauvuta kuhakikisha, kama mtu anayejua kwamba hakuna mwenye kuja. Kisha akapanda gari.

*

Ukumbini Nangurukuru tulikaa na watu wa Ruyaya, kuku wao na vikohozi vyao. Bi Somoe alilala ameegemea ukuta, au alifumba macho tu. Majirani waliona masizi usoni mwangu, wakaona shati, hakuna aliyeuliza. Mmoja mmoja walikwenda wakakaa karibu naye. Wanawake wakamzunguka. Ulikuwa msiba, umechelewa mwaka mmoja, umefika na mabegi.

Asubuhi simu yangu ikaita. Dada Redempta.

"Kimepinda," alisema.

Nikatoka nje. Kulikuwa na mawingu, manyunyu, na kaupepo ka kukausha nguo.

"Kilikuwa kinene kuliko tulivyodhani," aliendelea. "Kimejivuta kusini magharibi, kimepiga ufukwe usio na watu, mbali na nyinyi. Kassian? Lile boya lingekuwa linafanya kazi, ningejua tangu jana adhuhuri."

"Najua."

"Nisamehe."

Nikatafuta mzaha wa kumpa, maana nilimsikia anauhitaji. Sikuupata. Nikamwambia nitarudisha gari likiwa na mafuta.

Nilimrudisha Bi Somoe kwake. Nyumba ilikuwa imesimama. Lile bati lililokuwa likigonga lilikuwa pale pale. Hata ufagio, aliouegemeza ukutani, haukuanguka. Nadhani niliuchukia ule ufagio kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona.

Alishuka akasimama uwanjani.

"Hakikuja," alisema.

"Hakikuja, mama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza pembea na chungwa, na mama wa watu aliyepigwa mgongoni, na dunia inavyogeuka chini ya upepo, na kimbunga kinene kinavyojivuta. Alisikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza imamu.

"Hiyo ya chungwa aliniambia na mimi," alisema. "Alisema wewe ndiye uliyerusha."

"Mwongo mkubwa."

"Kwa hiyo jana ningebaki hapa, leo ningeamka tu."

"Ndiyo, mama."

"Nikimngoja."

Ningeweza kusema kwamba hatukujua. Ningeweza kumwambia nusu kwa nusu, na kwamba ingekuwa ile nusu nyingine, sasa hivi ningekuwa nafukua matofali. Ni kweli yote. Nilisema, "Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akafungua komeo. Nilivua shati la Shamte, nikalikunja, nikampa. Hakulipokea.

"Ni la mtani," alisema. "Ndiyo haki yako. Linakubana, lakini ndiyo haki yako."

Akaingia ndani. Nilibaki uwanjani na shati mkononi, sijui niondoke au nikae. Mara nikamsikia, kutoka kwenye giza la jikoni.

"Kassian. Ile sauti ipo bado?"

"Imefutwa, mama. Inatumika mara moja."

Nilisikia kifuniko cha sufuria.

"Basi nifanyie wewe," alisema. "Mara moja tu, halafu basi. Ile ya mlangoni."

Nikavaa shati. Nikaenda hadi kizingitini, nyayo nimezitazamisha pembeni, kitambi mbele. Nikapandisha mkono kwenye sikio, la kulia safari hii. Yeye alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, amenipa mgongo, ametulia, shingo imeinama kidogo kama mtu anayetega sikio. Nilifungua mdomo.

Mimi nimetania watu tangu nijue kusema. Nimetania maiti, nimemtania padri akiwa madhabahuni, nimewatania polisi wakiwa wamenishika. Siku hiyo neno lile lilinikataa, nikashusha mkono.

"Nani?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ni mimi, mama," nikasema, kwa sauti yangu.

Mabega yake yakashuka. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akafunua sufuria.

"Karibu, mtumwa wangu," alisema. "Kuna mkate wa jana."